Wale ninaowaripoti wanataka kuniajiri

Barua ya msomaji

Shikamoo mshauri. Naomba jina langu lisitokee, wala la redio ninayofanyia kazi. Kaunti nitakayoizungumzia pia sitaitaja. Yatosha kusema ni mojawapo ya sita zetu za Pwani, na mimi nakaa hapa Mombasa.

Nina miaka 36, nimeolewa, tuna watoto wawili na tumepanga nyumba Kisauni. Nimeripoti siasa na serikali za kaunti tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, wakati watu wengi walikuwa bado wanauliza mwakilishi wadi atakuwa na kazi gani na diwani ameenda wapi. Naipenda kazi hii. Kuna siku nakaa kwenye viti vya wanahabari asubuhi nzima nikisikiliza waheshimiwa wakisimamishana kwa hoja za nidhamu, na bado natoka na jambo moja ambalo mama wa Jomvu au mzee wa Likoni anastahili kulijua kabla hajalala. Kwenye mikutano ya wanasiasa ile karatasi ya kutia saini ili upewe "nauli" huwa inazungushwa, nami huipitisha kwa mwenzangu bila kuandika. Silisemi hili nijisifu. Nalisema ili ujue mimi ni mtu wa namna gani kabla hujasoma yanayofuata.

Mwaka uliopita wakazi wa kijiji kimoja walinipigia simu kuhusu zahanati yao. Nikaenda. Kuta zimefika kwenye linta, paa hakuna. Katika chumba kilichokusudiwa kuwa cha kujifungulia, mtu amefunga mbuzi wawili, na majani yameota kwenye kokoto. Bango la mradi bado limesimama mbele, limepauka kwa jua, lakini tarehe ya kumalizika kazi inasomeka, na imeshapita. Kina mama wa pale wanapakiwa kwenye bodaboda usiku wakiwa na uchungu kupelekwa mji wa pili.

Baadaye kijana mmoja, karani wa upande wa fedha, akanionyesha karatasi. Mkandarasi amelipwa kama mtu aliyemaliza kazi. Kuna cheti cha kukamilika kwa mradi, kina saini na mhuri. Nilikitazama cheti kile huku picha ya wale mbuzi iko kwenye simu yangu.

Nikaandika maswali rasmi kwa idara inayohusika. Hawakujibu. Nikampelekea mhariri wangu rasimu, akaisoma yote nikiwa nimesimama mbele yake, kisha akasema, "Dada, habari hii ni nzito. Ngoja kwanza." Hakusema tungoje nini. Pale ofisini kila mtu anajua kwamba kaunti hiyo ni miongoni mwa watangazaji wetu wakubwa, kwamba ina deni letu, na kwamba deni likilipwa ndipo nasi tunaona mshahara. Kwa sasa mshahara unakuja nusu nusu. Mume wangu alikuwa karani katika kampuni ya kusafirisha mizigo, na walipunguzwa wakati makasha yalipoanza kupelekwa Nairobi kwa reli ya SGR. Tangu hapo anapata vibarua tu. Mwenye nyumba ametuvumilia, lakini naona uvumilivu unamwisha.

Muda mfupi baada ya maswali yangu kwenda, tulikuwa na nikahi ya binamu yangu huko Majengo. Baada ya chakula mjomba akaniita pembeni. Huyu ni ndugu wa mama, na ndiye aliyenilipia karo ya chuo baba alipofariki. Anajuana na wanasiasa wengi. Akaniambia nimepatiwa kazi: afisa wa mawasiliano katika kaunti hiyo hiyo, mshahara karibu mara tatu ya wangu, na bima ya matibabu kwa familia yote. Nikamuuliza kama anajua kuna habari ninayoifuatilia kule. Akanitazama, akasema, "Mkono usioweza kuukata, ubusu." Mpaka leo sijui kama alikuwa anajibu swali langu au ananipa nasaha tu ya mtu mzima.

Mume wangu anasema nichukue. Maneno yake ni haya: "Zahanati haitapata paa kwa sababu wewe umelala njaa." Mama yangu anasema nikimkatalia mjomba nitakuwa nimemlipa fadhila ya punda. Mwenzangu mmoja kazini, mwanamke ninayemheshimu, ananionya kwamba nikienda, kila nilichowahi kutangaza kitasikika upya, na watu watasema kumbe nilikuwa natafuta kazi.

Na yule karani juzi alinitumia ujumbe: "Dada, ile habari inatoka lini?" Sijamjibu.

Mjomba anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nikiichukua kazi hii, nitakuwa nimehongwa? Nikiikataa, nitakuwa nimewanyima wanangu? Au niitoe habari kwanza, kisha niende? Silali vizuri, mshauri.

*Mwanahabari, Kisauni*

Jibu la mshauri

Marahaba, mwanangu. Pole kwa uzito ulioubeba, na ahsante kwa kueleza bila kujipamba.

Nikikuelewa vizuri, mambo yako ni mawili ambayo kalenda imeyafunga pamoja. Kuna habari ya zahanati iliyolipiwa bila kumalizika, nayo imekwama mezani kwa mhariri. Na kuna kazi yenye mshahara wa maana, imekuja kupitia mtu ambaye huwezi kumvunjia heshima, kutoka kwa wale wale uliowauliza maswali. Kwa sababu vimekuja kwa kufuatana, unaviona kama kitu kimoja: ukishika hiki umekitupa kile. Huenda ndivyo kweli. Huenda pia si hivyo, na hujapata nafasi ya kujua, kwa sababu wanaoweza kukwambia hujakaa nao. Umezungumza na mumeo, na mama, na mwenzako wa kazini. Mhariri hujamuuliza tunangoja nini. Mjomba ulimuuliza mara moja, kwenye kelele za harusi, akakujibu kwa methali. Karani hujamjibu kabisa.

Nianze na mhariri, maana kwenye barua yako amekwisha kuhukumiwa kimyakimya. Umeweka "ngoja kwanza" yake karibu sana na deni la matangazo, na mimi msomaji nikafikia pale ulipotaka nifike. Inawezekana uko sahihi. Wewe unaijua ofisi yako, na wengi katika kazi yenu wanajua jinsi tangazo linavyoweza kumfunga mtu mdomo. Lakini weka pembeni uchungu wa mshahara kidogo, uisome rasimu yako kama wakili wa mkandarasi. Una cheti ulichoonyeshwa na mtu mmoja, una picha, una simulizi za wakazi, na una idara ambayo haikujibu. Mahakama Kuu iliifuta kashfa kama kosa la jinai mwaka 2017, kwa hiyo hakuna wa kukupeleka jela kwa kosa hilo la kashfa, lakini kesi ya madai bado ipo na fidia yake inaweza kukifunga kituo kidogo. Mhariri mwoga na mhariri mwangalifu wote husema "ngoja" kwa sauti ile ile. Utakayemtofautisha ni wewe, kwa kumuuliza: tunangoja kitu gani, mpaka lini, na kikipatikana tutatangaza? Muulize kwa maandishi, kwa adabu. Akikupa orodha ya vinavyopungua, una kazi ya kufanya. Akikupa kimya, utakuwa umejua jambo la kweli kuhusu mahali unapofanyia kazi, na hilo litakusaidia hata kwenye uamuzi wa pili.

Sasa kazi yenyewe. Unaniuliza kama ukiichukua utakuwa umehongwa. Sheria ya Kuzuia Hongo ya mwaka 2016 haiangalii noti peke yake. Faida yoyote inayotolewa ili mtu asitimize wajibu wake inaweza kuingia humo, na ajira ni faida. Hata hivyo mimi siwezi kusoma nia ya mtu kutoka kwenye barua, na wewe pia bado hujaisoma. Inawezekana kabisa mjomba alikuwa akikuhangaikia tangu mumeo alipopunguzwa kazi na maswali yako hayakuhusika. Inawezekana pia kuna mtu aliyaona maswali yale, akauliza huyu ni binti wa nani. Yote mawili hutokea mjini kwetu, na wakati mwingine hutokea pamoja, kwa mtu yule yule, bila mjomba kujua kwamba ametumwa.

Kuna njia ya kupunguza kubahatisha. Uliza nafasi hiyo ni ya aina gani. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaipa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti kazi ya kuajiri, na nafasi hutakiwa itangazwe wazi watu washindane. Je, hii imetangazwa? Kuna namba ya tangazo? Kuna usaili, au ni kuja tu na vyeti? Kama ni nafasi ya bodi, unaweza kuiomba kama Mkenya mwingine, na mjomba akabaki mtu aliyekuonyesha mlango. Kama ni nafasi ya wafanyakazi wa karibu wa gavana, jambo jingine linaingia: ajira za namna hiyo huenda na muhula. Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027, na Katiba haimruhusu gavana zaidi ya mihula miwili. Mshahara mara tatu ni mwingi, sikatai. Uhesabu ni wa miezi mingapi, kisha ujiulize siku ya kumaliza utarudi wapi, na watakaokuwa wanaajiri wakati huo watakukumbuka kwa lipi.

Nisieleweke kwamba ninaidharau kazi ya mawasiliano serikalini. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na haki hiyo haitembei yenyewe. Inahitaji mtu ndani anayepokea simu, anayejua faili liko wapi, anayejibu kabla hajaulizwa mara ya tatu. Wanahabari wengi wamevuka upande huo wakafanya kazi ya heshima. Mwenzako anaogopa watu watasema. Watasema, na baada ya muda watachoka.

Mimi kinachonishughulisha ni asubuhi yako ya kwanza kule. Unakaa kwenye dawati, unafungua barua ambazo hazijajibiwa, na humo unakuta maswali yako mwenyewe kuhusu zahanati. Mwandishi wa kituo kingine anapiga simu kuuliza lile lile. Bosi wako anakwambia andika kwamba mradi unaendelea vizuri. Utaandika? Utamwambia bosi kwamba uliwaona mbuzi? Nakuuliza kwa sababu jibu lako ndilo litakaloonyesha kama unaweza kuishi ndani ya kazi hiyo, na hakuna mwingine anayeweza kukujibia. Tena, kama kazi hii hii ingekuwa katika kaunti nyingine, au kwenye chuo, au bandarini, ungeniandikia? Kama hapana, basi kinachokuumiza si kuacha uanahabari. Ni pahala ulipoitiwa. Na kama ni hivyo, ujuzi wako wa kusoma bajeti na kueleza mambo kwa Kiswahili cha watu una wanunuzi wengine ambao hujawagongea mlango.

Umewaza pia utoe habari kwanza kisha uende. Naelewa mvuto wake, inaonekana kama njia ya kutokukosa lolote. Ila fikiria namna itakavyoonekana kila upande. Wakazi watasikia sauti iliyowatetea Jumatatu ikiwatetea wengine mwezi unaofuata, nao kaunti watajua uliingia mlangoni na kisu mkononi. Yamkini hata nafasi yenyewe itayeyuka usiku huo wa habari. Njia ya kinyume, kwenda na kuiacha habari ife, nayo ina hatari zake: si wewe peke yako unayejua. Wakazi wanajua. Karani anajua. Jengo liko wazi kwa kila anayepita.

Na hapo nataka nikae kidogo, maana kuna dhana nyingine imejificha kwenye barua yako: kwamba habari hii ipo au haipo kwa kutegemea wewe. Cheti kile ndicho kilichokushika, kwa sababu ni siri na ulipewa wewe. Lakini fedha za umma huacha nyayo nyingi zaidi ya karatasi moja. Mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni, na Katiba inampa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu miezi sita kukamilisha ripoti zake, zikiwemo za kaunti. Mradi uliolipiwa na kukwama ni aina ya jambo ambalo wakaguzi hulitafuta, na magavana huitwa mbele ya kamati ya Seneti kujibu. Mdhibiti wa Bajeti hutoa ripoti ya kila robo mwaka kuhusu jinsi kaunti zinavyotumia fedha. Umezipitia za miaka ya mradi huo, ukurasa kwa ukurasa, ukitafuta jina la zahanati?

Kisha iko Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo sijui kwa nini wanahabari wetu huitumia kwa nadra. Maswali uliyotuma yalikuwa maswali ya mwandishi, na ofisa anaweza kuyaweka kapuni. Ombi chini ya sheria hii ni kitu kingine. Linaandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, huwajibiki kueleza unataka habari hizo za nini, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Inaweza kuongeza 14 mara moja ikiwa kazi ni kubwa. Wakikataa au wakinyamaza, unapeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Na ombi hilo si lazima liwe lako. Mkazi yeyote wa kile kijiji anaweza kuliandika, kama anavyoweza kupeleka malalamiko rasmi kwa bunge la kaunti lake na kudai kamati ya afya ije kuona mbuzi kwa macho yake. Yote haya yanachukua muda, na muda ndicho kitu ulichonacho kidogo. Hilo nalijua.

Ninakwambia habari za njia za wazi kwa ajili ya yule kijana hasa. Cheti kile kimepita mikononi mwa watu wangapi? Kama ni wanne, siku habari itakapotoka wanne hao wataitwa, na watatu watakuwa na la kusema. Sheria ile ile ya hongo inakataza kumwadhibu mtu aliyetoa taarifa, lakini kijana anayehamishiwa ofisi ya mbali, au ambaye mkataba wake hauongezwi, atathibitishaje sababu? Ukiupata ukweli ule ule kwenye ripoti ya mkaguzi au kwenye jibu rasmi, yeye anaondoka kwenye mstari wa mbele, na rasimu yako inasimama kwa miguu miwili, jambo ambalo huenda ndilo mhariri alilolitaka.

Kisha jiweke mahali pake. Alihatarisha unga wake akakupa karatasi, akakaa kungoja. Siku moja anainua macho ofisini, anakuona umevaa kitambulisho cha kaunti shingoni. Usiku ule hatalala. Hatajua kama umenyamaza kwa sababu unamlinda au kwa sababu umemtaja. Lolote utakaloamua, ana haki ya kulisikia kutoka kwako kabla hajaliona. Na ukifikiria kumpa mwenzako habari hii aimalize, kwanza mwombe yeye ruhusa, maana siri hiyo alikupa wewe na si kituo chako.

Kuna jambo jingine la maadili, halina raha kulisema. Kanuni za taaluma yenu zinataka mwandishi aepuke mgongano wa maslahi, uwe wa kweli au unaoonekana tu kuwa upo. Tangu siku ya nikahi, upo. Hata ukikataa kazi, iwapo baadaye itajulikana ulipewa ahadi ile ukaendelea kuiandika kaunti hiyo bila kumwambia mtu, watakaoumbuliwa na habari yako watapata pa kushika. Ukimwambia mhariri, unajilinda na unailinda habari. Hatari yake ni kwamba anaweza kukutoa kwenye habari hiyo, na kama kweli anatafuta kisingizio, umempa. Ndiyo maana nilitanguliza lile swali la kumuuliza anangoja nini. Jibu lake likupe kipimo cha kiasi gani cha kumwamini.

Nyumbani sasa. Mumeo amesema neno kali, lakini nasikia ndani yake mtu aliyepoteza kazi kwa uamuzi uliofanywa mbali na yeye, akaambiwa avumilie kwa ajili ya maendeleo, na sasa anaona mkewe naye anaelekea kuombwa avumilie kwa ajili ya kijiji cha watu asiowajua. Usimjibu kwa hoja za uandishi. Kaeni mhesabu: kodi ya miezi mingapi mnadaiwa, mshahara wako uliobaki kwa mwajiri ni kiasi gani, na mnaweza kuhimili mpaka lini. Mshahara uliofanyiwa kazi ni deni kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Mkiudai pamoja na wenzako, au kupitia chama chenu cha wanahabari, mna nguvu zaidi kuliko kila mmoja kunong'ona kivyake. Mhesabu hayo kabla ya kusema kwamba kazi ya mjomba ndiyo njia pekee ya kuwalisha watoto. Huenda mkikamilisha hesabu mkaona ni kweli njia nyingine hazipo. Basi mtakuwa mmeona wenyewe, wala sitakuwa na neno la kukulaumu, maana njaa ya mtoto si jambo la mtu wa nje kulitolea hukumu.

Mjomba alikulipia karo, na deni hilo halifutiki. Ila alikulipia uwe mtu wa kusoma na kupambanua, naye kwa umri wake amekwisha kuona wengi waliobusu mikono ikawashika koo. Usimjibu kwa simu wala kupitia kwa mama. Nenda kwake baada ya magharibi, peke yako au na shangazi mmoja mwenye busara. Mwamkie, mshukuru kwa dhati, kisha mwambie: "Mjomba, nataka kujua aliyeniulizia kazi hii ni nani, na aliuliza lini." Mwangalie anavyojibu. Ukiona hajui kwamba uliandika maswali, mweleze, bila kumtaja karani hata kwa ishara. Pengine atakwambia nenda, pengine atakwambia ngoja achunguze kwanza. Na mwisho wa mwezi ameuweka yeye. Omba uongezewe mpaka uione barua ya ajira yenyewe, yenye cheo, muda wa mkataba na jina la anayekuajiri. Kazi iliyo halali haiharibiki kwa mtu kuomba kusoma karatasi zake.

Wakati hayo yakiendelea, mjibu yule kijana leo. Si kwa ujumbe unaoeleza mengi. Andika tu kwamba habari haijapangiwa siku, kwamba hujamsahau, na kwamba ungependa muonane ana kwa ana mahali ambapo hakuna anayewajua nyinyi wawili.